Mbuzi wetu wa asili wako hatarini kutoweka? Jibu kwa mfugaji wa Isimani

Swali linatoka kwa katibu wa kikundi cha wafugaji katika Tarafa ya Isimani, mkoani Iringa. Anaeleza kwamba miaka michache iliyopita kikundi chao kilipata mabeberu wa Boer, mbuzi wa nyama wenye asili ya Afrika Kusini, na sasa karibu kila kaya ina chotara. Wazee wanalalamika kuwa mbuzi wadogo wa asili wanakwisha. Mwenyekiti wa kikundi haoni sababu ya hofu hiyo, kwa kuwa walipohesabu katika vijiji vinavyochunga pamoja walipata mbuzi wa asili wapatao 2,000. Katibu anauliza ni nani aliye sahihi, idadi ya hatari ni ipi, na kama kondoo wao wa mkia mnene nao wapimwe kwa namna hiyo hiyo.

Ndugu katibu, hesabu yenu ni mwanzo mzuri, na vikundi vingi havijafika hata hapo. Hata hivyo, mbuzi 2,000 peke yao hawatoshi kumpa haki mwenyekiti wala wazee. Mbari ya mifugo, yaani aina yenye urithi wake yenyewe, inaweza kuwa njiani kutoweka huku mazizi yakizidi kujaa, kwa sababu kinachotoweka ni urithi ulio ndani ya wanyama, na urithi huo hupita au hukatika kulingana na dume gani amempanda jike gani. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza wako wangapi, kuna swali linalotangulia.

Swali hilo ni kama mbuzi wa Isimani ni mbari ya peke yake. Mbuzi wetu wengi wa asili nchini huwekwa katika kundi kubwa liitwalo mbuzi wadogo wa Afrika Mashariki, na ndani ya kundi hilo wataalamu hutofautisha makundi ya maeneo, kama vile mbuzi wa Kigogo, wa Kisukuma, wa Kimasai, wa Ujiji, wa Newala na mbuzi weupe wa Pare. Isimani inapakana na Dodoma, na kwa upande wa Migori mnatazamana na Ugogo ng'ambo ya bwawa la Mtera. Mbuzi hununuliwa, hutolewa mahari na hukopeshwa kati ya pande hizo mbili. Ikiwa mbuzi wenu ni sehemu ya kundi la Kigogo, basi 2,000 wenu ni tawi la mti mkubwa, na hatari ya kutoweka lazima ipimwe kwa mti mzima. Ikiwa kuna bonde ambalo mbuzi wake wamekaa muda mrefu bila kuchanganyika na wana sifa zao zinazofahamika, hapo hesabu inabadilika kabisa.

Jambo hili lina uzito zaidi katika nyanda zetu za juu kusini kuliko watu wanavyodhani. Tazama Usangu, wilayani Mbarali: kwa miongo mingi waliingia wafugaji wa Kisukuma, Kimasai, Kigogo na Kimang'ati na mifugo yao, na operesheni ya kuwaondoa katika bonde la Ihefu mwaka 2006 na 2007 ikasukuma wengi wao kuelekea Lindi na Pwani. Mtu akikuonyesha leo mbuzi wa Mbarali na kukuambia huyu ni mbuzi wa Wasangu wa tangu zamani, muulize anajuaje. Simaanishi kwamba hawapo. Namaanisha kwamba rangi na ukubwa havitoshi kuthibitisha, na kwamba kabila la mfugaji si kipimo cha mbari ya mbuzi wake.

Tuseme sasa, kwa ajili ya hoja, kwamba mbuzi wenu ni mbari ya peke yake. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa mwaka 2013 mwongozo wenye viwango ambavyo nchi nyingi huvitumia. Kwa wanyama wasiozaa kwa wingi, ambao ni pamoja na ng'ombe, mbuzi na kondoo, mbari yenye majike wazazi wasiozidi 300 huhesabiwa kuwa katika hatari ya juu kabisa. Kati ya 300 na 3,000 iko hatarini. Kati ya 3,000 na 6,000 ina udhaifu wa kuangaliwa. Kwa upande wa madume wanaozalisha, mipaka ni 5, 20 na 35 kwa mpangilio huo huo. Kiwango kibaya kuliko vingine ndicho kinachoamua daraja, maana yake mbari yenye majike 10,000 na madume wanne bado iko katika hatari ya juu kabisa.

Angalia vizuri maneno "majike wazazi". Katika 2,000 wenu wamo wanambuzi, mabeberu, waliohasiwa na vikongwe visivyozaa. Tuchukulie kwamba nusu, yaani 1,000, ni majike walio katika umri wa kuzaa. Kwa kiwango hicho, na kwa dhana hiyo tuliyoiweka, mbuzi wenu tayari wangekuwa katika daraja la hatari. Mwenyekiti amehesabu vichwa, na hiyo ndiyo hesabu isiyotakiwa.

Lakini eneo ambalo ningependa mkae nalo zaidi ni la madume, kwa sababu ndilo linalosahaulika na ndilo linaloharibu mambo kimyakimya. Kila mwanambuzi hupata nusu ya urithi wake kwa baba. Kama mababa ni wachache, nusu hiyo yote inatoka kwa wachache hao, hata kama mama zao ni maelfu. Wataalamu wa uzalishaji hutumia kanuni rahisi: zidisha idadi ya madume kwa idadi ya majike, zidisha tena kwa nne, kisha gawanya kwa jumla ya madume na majike. Jibu huitwa idadi tendaji ya wazazi, na ndilo linaloonyesha kundi linajiendesha kama la ukubwa gani kwa upande wa urithi. Ukitaka kujua undugu wa damu, yaani wazazi kuwa wa ukoo mmoja, unaongezeka kwa kiasi gani kila kizazi, gawanya moja kwa mara mbili ya jibu hilo.

Majike 1,000 na mabeberu 10 wanatoa idadi tendaji ya takribani 40. Yaani kundi lenye mama 1,000 linabeba urithi kama kundi la wazazi 40, na undugu wa damu unaongezeka kwa takribani asilimia 1.3 kila kizazi. Mwongozo wa FAO huweka ongezeko la kati ya asilimia 1 na 3 katika daraja la hatari, na asilimia 3 kwenda juu katika hatari ya juu kabisa. Mkiwa na mabeberu 40 kwa majike hao hao, idadi tendaji inapanda hadi takribani 154 na ongezeko linashuka hadi theluthi moja ya asilimia. Hamjaongeza jike hata mmoja. Kizazi kwa mbuzi ni miaka mitatu hadi minne, kwa hiyo madhara huchukua muda kuonekana, na yakionekana mtu huyapa majina mengine: wanambuzi wanaozaliwa dhaifu, majike wanaorudia joto kwa kutoshika mimba, vifo vingi kabla ya kuachishwa kunyonya. Kila mtu husema ni ukame au minyoo, na mara nyingine huwa ni kweli, jambo linalofanya chanzo hiki kuwa kigumu zaidi kugundulika.

Kanuni hiyo, hata hivyo, inamchukulia kila beberu kuwa na nafasi sawa, na kila anayechunga anajua kwamba haiko hivyo. Mifugo ya kaya kadhaa inapochungwa pamoja, beberu mkubwa huwafukuza wenzake na kupanda sehemu kubwa ya majike. Ikiwa kati ya kumi wenu wanne ndio wanaofanya kazi, idadi tendaji inaanguka hadi 16 hivi na ongezeko la undugu linavuka asilimia 3.

Upande wa pili wa jambo hili huenda ukawapa nafuu. Mbuzi dume wa asili huweza kupanda akiwa na umri wa miezi mitano au sita, na wengi hufanya hivyo kabla hawajauzwa. Ukienda zizini mchana na kuhesabu mabeberu wakubwa wenye ndevu na harufu, utapata wachache, kumbe nusu ya wanambuzi wa mwaka huo wamezaliwa na madume wadogo ambao tayari wamekwenda mnadani. Ndiyo maana nasema msihesabu mabeberu waliosimama pale. Ulizeni kwa kila jike mwenye mtoto, alipandwa na nani. Mchungaji, ambaye mara nyingi ni kijana wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne, ana majibu mazuri kuliko mwenye mifugo. Yeye ndiye aliyekuwepo porini.

Mnadani kuna jambo jingine la kuangalia. Mnunuzi hapitishi mkono mgongoni mwa kila mbuzi kwa kujifurahisha. Anatafuta dume mwenye nyama kiunoni, na huyo ndiye anayeondoka. Wenye harusi nao wanatafuta ndafu, na ndafu hutengenezwa kwa kumhasi dume aliyekuwa akikua vizuri kuliko wenzake. Matokeo yake ni kwamba dume bora huondoka mapema au huhasiwa, na dume hafifu asiyetakiwa na mtu ndiye anayebaki kuzalisha. Wafugaji wakishaona watoto wamedumaa, wanahitimisha kwamba mbuzi wa asili hawana faida na wanaagiza Boer. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya sifa mbaya ya mbuzi wetu imetokana na uteuzi huu wa kinyume, na sidhani kama tumewatendea haki.

Hapo ndipo tunapofika kwenye chotara, na naomba mfuate hesabu ndogo. Tuchukulie tena majike 1,000 wa asili. Sita katika kila kumi wanapandishwa na Boer, na 400 waliobaki wanapandishwa na mabeberu wa asili. Tuseme kila jike, katika maisha yake yote, huacha kwa wastani binti mmoja na nusu anayefikia umri wa kuzaa. Wale 400 watatoa majike wa asili 600. Mwendo ukiendelea vile vile, kizazi kinachofuata kitakuwa na 360, na cha tatu 216, ambao wako chini ya mpaka wa 300. Haya yote huchukua takribani miaka kumi. Katika miaka hiyo hiyo jumla ya mbuzi vijijini, chotara wakiwemo, itakuwa imeongezeka, nyama imeongezeka na fedha mkononi imeongezeka, na hakuna takwimu ya halmashauri itakayoonyesha tatizo ikiwa fomu ina safu moja tu iliyoandikwa "mbuzi". Kwa sababu hiyo FAO huangalia pia kama zaidi ya asilimia 80 ya majike wanapandishwa na madume wa mbari yao wenyewe. Kwa kikundi chenu, swali hili lina uzito kuliko yote.

Mfano ulio karibu nasi ni wa kondoo mwekundu wa Kimasai. Afrika Kusini, katika miaka ya 1930, walitengeneza kondoo wa Dorper kwa kuchanganya Dorset Horn kutoka Uingereza na kondoo wa kichwa cheusi mwenye asili ya Usomali. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 Dorper alisambazwa kwa wingi Kenya, na wafugaji waliona haraka kwamba anakua upesi na anauzika vizuri. Kondoo mwekundu hakuwa na mpango wowote wa kumlinda, na baada ya muda ikawa vigumu kumpata aliye safi. Baadaye utafiti ulithibitisha kile ambacho wafugaji wengi walikuwa wakikijua, kwamba kondoo huyo anahimili vizuri minyoo ya tumboni inayonyonya damu, na katika maeneo yenye unyevu ambako minyoo hiyo ni mingi Dorper hupata taabu. Watafiti walipotaka kondoo mwekundu safi, kumpata kukawa kazi.

Sisemi mumtupe Boer. Mfugaji ana ada za shule na hana wajibu wa kubeba hifadhi ya taifa mgongoni mwake peke yake. Kuna tofauti, hata hivyo, kati ya kuchanganya kwa mpango na kuchanganya kwa kuachia. Mbuzi wa Malya, aliyetengenezwa kule Kwimba kwa kuchanganya Kamorai (mbuzi kutoka Pakistani), Boer na mbuzi wetu wa asili kwa viwango vilivyopangwa, ni matokeo ya mpango. Kinachotokea katika mazizi mengi ni kuachia: chotara jike anapandwa tena na Boer, binti yake naye vile vile, na katika kizazi cha tatu kimebaki moja ya nane ya urithi wa asili katika mnyama ambaye bado anatakiwa kuishi kwa majani makavu ya Isimani mwezi wa kumi. Njia ya busara ni kila kaya itenge majike wake wazuri wa asili wapandwe na beberu wa asili, majike waliobaki wapewe Boer, na chotara wote, dume kwa jike, waende sokoni bila kurudishwa zizini kuwa wazazi.

Kipimo kingine ni mtawanyiko wa mahali. Ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia Uingereza mwaka 2001 wanyama zaidi ya milioni 6 walichinjwa ili kuuzuia. Miongoni mwa waliopata pigo ni kondoo wa Herdwick, ambao hawakuwa wachache kwa idadi, ila karibu wote walikuwa wakiishi katika milima ya eneo moja kaskazini mwa nchi hiyo. Kwetu tishio la namna hiyo ni sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa kaskazini mwa Tanzania mwaka 2008 na kufika kusini kabisa, mkoani Mtwara, muda si mrefu baadaye, pamoja na homa ya mapafu ya mbuzi. Katika kupima hatari, andikeni kama mbuzi wa asili wako katika kijiji kimoja au vyote, na kama wanakutana kwenye kisima kimoja. Chanjo ya sotoka ni sehemu ya kuhifadhi mbari, ingawa watu hawaiiti hivyo.

Sasa namna ya kufanya hesabu yenu upya. Fanyeni jioni mifugo inaporudi, kaya kwa kaya, mkiwa na afisa mifugo wa kata. Kwa kila jike angalieni meno ya mbele ya chini: jozi ya kwanza ya meno ya kudumu hutoka akiwa na mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, ya pili karibu na miaka miwili, ya tatu karibu na mitatu, na mdomo hujaa karibu na mwaka wa nne. Aliyeota jozi ya kwanza na kuendelea mhesabuni kuwa mzazi, mradi hajakoma kuzaa. Kisha mtazameni kichwa. Damu ya Boer huonekana katika masikio marefu yanayoning'inia na pua iliyobinuka, mara nyingi na kichwa chekundu juu ya mwili mweupe. Mbuzi wetu ana masikio mafupi na uso ulionyooka. Chotara wa kizazi cha mbali anaweza kuwa na rangi ya asili kabisa na masikio tu yakamsaliti, yakiwa yamelala pembeni. Mkiwa na shaka, mwandikeni chotara, kwa sababu kosa la kumwita chotara mbuzi wa asili ndilo linalowadanganya. Mpigeni picha, mpimeni kifua kwa utepe, na muulize alipandwa na nani mara ya mwisho na beberu huyo alitoka wapi. Rudieni baada ya miaka mitatu, maana mwelekeo una thamani kuliko namba ya siku moja.

Vipimo vya vinasaba vinaweza kufuata baadaye, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro au Taasisi ya Utafiti wa Mifugo, ambayo ina kituo Uyole, Mbeya, ndipo mahali pa kuanzia kuuliza. Msivisubiri, kwa sababu hakuna maabara itakayowaambia ni jike yupi aliyepandwa na nani ikiwa hakuna aliyeandika. Matokeo yenu yapelekeni kwa maandishi kupitia halmashauri hadi Wizara ya Mifugo na Uvuvi, kwa kuwa nchi huwasilisha taarifa za mbari zake katika hifadhidata ya FAO iitwayo DAD-IS. Ripoti ya FAO ya mwaka 2015 ilionyesha kwamba asilimia 17 ya mbari za mifugo duniani zilikuwa hatarini, lakini asilimia 58 hali yake haikujulikana kwa kukosa takwimu za karibuni.

Mkikuta hali ni mbaya, hatua ya kwanza haina gharama kubwa. Lengeni mabeberu wa asili 40 katika vijiji vyote, yaani beberu mmoja kwa majike 25, waliotoka kwa mama tofauti, na wabadilishaneni kati ya vijiji kila baada ya mwaka mmoja na nusu hivi ili beberu asiwapande binti zake. Wachagueni kabla ya msimu wa harusi, na kikundi kimlipe mwenye dume bora kiasi ambacho mnunuzi wa ndafu angemlipa. Mbegu za kugandishwa katika ubaridi wa nyuzi 196 chini ya sifuri ni akiba nzuri kwa taifa, ingawa kwa mbuzi kazi hiyo ina ugumu wake: majimaji ya beberu yana kimeng'enya kinachoharibu kiini cha yai ambacho hutumika sana kuhifadhia mbegu za madume ya ng'ombe, kwa hiyo huhitaji maandalizi tofauti. Kwa sasa beberu hai anayetembea kutoka Kihorogota hadi Izazi atawafaa zaidi.

Kuhusu kondoo, vipimo ni hivyo hivyo na mipaka ni ile ile. Tofauti ni kwamba katika kaya nyingi kondoo ni wachache sana kuliko mbuzi, wawili watatu waliochanganywa katika kundi, na mara nyingi hakuna kondoo dume wa kaya. Jike hupandwa na dume wa jirani. Kijiji kizima kinaweza kuwa kinategemea madume wawili bila mtu yeyote kulifahamu hilo. Kwa hiyo ningekuwa katibu wa kikundi chenu, ningeanza hesabu na kondoo, wiki hii, kwa swali moja tu katika kila kaya: dume aliyewapanda kondoo wenu mwaka huu ni wa nani?